Shukrani kwa Mama wa Kituo cha Ede-Wageningen

Naandika kumshukuru hadharani mama mmoja wa Uholanzi, aliyeniomba nisimtaje jina.

Nilishuka kituo cha treni cha Ede-Wageningen usiku wa Januari, nikitokea Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kwenda kusoma muhula mmoja wa sayansi ya wanyama kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Basi la mwisho lilikuwa limeondoka, simu imezima, na koti langu, ambalo kwa baridi ya Mgeta linatosha kabisa, halikufaa kitu. Mama huyo, aliyekuja kumpokea mwanawe, alisoma anwani niliyoiandika kwenye karatasi, akanipakia garini na mizigo yangu, akanifikisha bwenini, wala hakuondoka mpaka alipoona nimefunguliwa mlango.

Jumamosi yake alirudi na mabuti ya mpira na ovaroli, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mfugaji na alijua ningevihitaji zizini. Baadaye alinikaribisha kwake wakati wa kukamua, akanisimamisha upande wa kushoto wa ng'ombe mmoja wa Friesian, akauweka mkono wangu kwenye kibonyeo kilicho nyuma ya ubavu wa mwisho: kikizama sana, ng'ombe hajala vya kutosha. Darasani nilikwisha kulisoma hilo. Kwa kiganja nililijua siku ile.

Ndugu zangu wa Morogoro, mkimwona mwanafunzi mgeni amesimama Msamvu usiku na begi lake, mwulizeni anakwenda wapi. Nawe Mama, mabuti yako bado nayavaa.