Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji: mlango wa uani nao una bawabu?

Kwa Afisa Mkuu Mtendaji,
Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, Nairobi.

Mheshimiwa, salamu kutoka Mombasa.

Mimi ni mhasibu. Wateja wangu wengi ni kampuni za familia: malori, maghala, kinu cha unga. Baba alianzisha, sasa watoto wanatafuta mtaji bila kuongeza deni la benki. Miaka michache iliyopita mmoja wao, mwenye malori, alinijia na habari njema. Mtu wa kati alikuwa amemwambia aachane na kuuza hisa kwa umma, mzunguko mrefu wa nini? Kuna kampuni ya zamani imeorodheshwa sokoni, haifanyi kazi yoyote. Aishike hiyo, aingize malori yake humo, na kesho yake ataamka yumo sokoni. "Safi kabisa, haina deni." Nilipoomba hesabu za miaka mitano, nililetewa za miwili, tena hazijakaguliwa. Tukaishia hapo.

Lakini aliniuliza swali moja: hii inaruhusiwa? Nilisema ndiyo, kisha nikatumia saa nzima kueleza "lakini" zake.

Tumeshaona ikifanyika hapa, tena kwa utaratibu. Mwaka 2013 benki ya I&M iliingia Soko la Hisa la Nairobi kupitia City Trust. Wanahisa wa benki walitoa hisa zao wakapewa za City Trust, na jina likageuzwa kuwa I&M Holdings. Ila City Trust haikuwa ganda tupu, yaani kampuni iliyobaki na nafasi sokoni bila chochote ndani. Ilikuwa na hisa za benki hiyohiyo tangu awali, na benki yenyewe iko chini ya macho ya Benki Kuu. Mgeni na mwenyeji walikuwa ndugu. Kesi ya ndugu haiwezi kuwa kipimo cha mgeni asiyejulikana.

Kinachonikwaza ni hiki. Kwa kanuni za mwaka 2002 za uchukuaji na uunganishaji wa kampuni, asilimia 25 ya kura katika kampuni iliyoorodheshwa ndicho kiwango cha kuishika, na anayeishika huwajibika kutoa ofa kwa wanahisa wengine, isipokuwa Mamlaka imsamehe. Katika muungano wa kinyume, yaani huku kuingia sokoni kupitia ganda, wanaoingia huvuka kiwango hicho siku ya kwanza, kwa kuwa wao ndio wanaobaki na hisa nyingi. Kwa hiyo mpango mzima unaning'inia kwenye msamaha wako. Utatolewa lini, kwa masharti gani, kwa ushahidi upi? Nikimwambia mteja "tuombe tuone", nitakuwa nabahatisha, na kubahatisha kwa mawakili hulipiwa kwa saa.

Upande wa vitabu nako kuna mtego ambao watu wa kati hawausemi. Kisheria ganda ndilo mnunuzi. Kwa IFRS 3, kanuni ya kimataifa ya uhasibu kuhusu ununuzi wa biashara, mnunuzi wa kihesabu ni kampuni ya malori. Na kama ganda halina biashara ndani yake, muamala unaangukia IFRS 2, kanuni ya malipo yanayofanywa kwa hisa: thamani inayoachiwa wenye ganda, ikizidi mali waliyokuja nayo baada ya kutoa madeni, ni gharama ya kuorodheshwa, na inakatwa yote kwenye hesabu ya faida na hasara. Mwenye malori aliyedhani ameokoa pesa anafungua mwaka wake wa kwanza sokoni na hasara, na wanahisa wanauliza nani kala.

Wenzetu walijifunza kwa kuungua. Sino-Forest, kampuni ya misitu, ilijipatia nafasi sokoni Kanada mwaka 1994 kupitia ganda la Alberta, ikakua hadi soko la Toronto. Juni 2011 ripoti ya Muddy Waters, kampuni ya kuchunguza kampuni za sokoni, ikadai misitu yake ya China haikuwa kama ilivyoandikwa. Mwaka uliofuata kampuni ikakimbilia kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake, na mwaka 2017 tume inayosimamia masoko ya mitaji ya Ontario ikaamua kwamba ulikuwa udanganyifu. Marekani, mwezi Novemba 2011, masoko makubwa ya hisa yaliweka masharti: kampuni iliyopita njia hii kwanza hisa zake ziuzwe mwaka mzima nje ya soko kuu, iwasilishe taarifa zake kwa wakati, na bei ya hisa isishuke chini ya dola 4 kwa angalau siku 30 kati ya 60 za mwisho za biashara. Anayekuja na toleo la hisa kwa umma lililodhaminiwa, yaani ambalo wadhamini wameahidi kununua hisa zote, la dola milioni 40 au zaidi anaweza kuondolewa masharti hayo.

Sikuombi uyachukue yote. Sharti la bei hapa lingefungia nje hata kampuni za heshima, na dola milioni 40 ni ndoto kwa mwenye malori. Lakini muda wa kutazamwa, ule wa mwaka mzima, unatufaa. Unatufaa pia utaratibu wa AIM, soko la London la kampuni ndogo: muungano wa kinyume ukitangazwa, biashara ya hisa kwa kawaida husimama mpaka waraka kamili utoke, na wanahisa hupiga kura. Waraka huo uwe na uzito uleule wa waraka wa matarajio, ule unaotolewa hisa zinapouzwa kwa umma, pamoja na jina la kila anayelipwa kwa kuleta pande mbili pamoja. Kwenye kura, waliopanga mpango wakae pembeni. Bibi aliyenunua hisa mia mbili na kuziacha droo moja na hati ya shamba aamue mwenyewe, na akitaka kutoka apewe bei.

Ninachoomba kutoka ofisi yako ni mwongozo mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza, unaoeleza msamaha unaombwaje na unakataliwa kwa sababu gani. Kurasa kumi zinatosha. Mteja wangu bado ana malori yake, na mtu wa kati bado anampigia simu.

Wako,
Mhasibu, Mombasa