Malalamiko: programu yenu ya farmasi inageuza tarehe

Lubumbashi, tarehe 6 Novemba 2025 (mwezi nimeuandika kwa herufi makusudi, asije mtu ofisini kwenu akasoma 11 Juni)

Kwa Bwana Mkurugenzi,

Salamu kwako na kwa wafanyakazi wako wote, hata yule wa meza ya mbele.

Ninaandika juu ya programu ya stoki ya dawa mliyotuwekea. Mkataba mnaujua wenyewe. Jumatatu nilikuja kwenu na boksi la sirapu mkononi. Fundi wenu hakulitazama. Akasema mbele ya watu: “Mama, programu haina shida. Ni weye hauyue kusoma tarehe.” Nina miaka kumi na tisa nyuma ya kaunta ya dawa!

Boksi limeandikwa mwisho wa kutumika 10/02/2025. Hapa kwetu siku inatangulia: tarehe kumi, mwezi wa pili. Programu yenu inasoma kama Wamarekani, mwezi kwanza, ikaona 2 Oktoba. Miezi saba na zaidi ikaniambia dawa ni nzima. Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyesoma boksi kabla ya kumnywesha mtoto wake, si ninyi. Na dawa za 02/12/2025 ikazitangaza zimekufa tangu 12 Februari. Tukatupa katoni tatu nzima.

Mlipoijaribu mbele yangu mlitumia tarehe 25. Mwezi wa 25 haupo, basi mashine ikageuza yenyewe ikapatia. Kosa linajificha kwenye siku kumi na mbili za kwanza za kila mwezi. Ukitoa zile za kufanana kama 3/3, zinabaki siku 132 kwa mwaka. Siku 132, Bwana Mkurugenzi.

Na kabla ya hayo, Julai, nilimfukuza kijana wangu wa zamu ya usiku. Mauzo ya saa sita na nusu usiku yalikuwa yanaandikwa siku ya nyuma, maana mliipanga programu kwa saa za Kinshasa, nasi tuko mbele yao kwa saa moja. Makuta ya kasha hayakulingana na mashine, nikamwita mwizi. Mtoto wa dada yangu anayesoma informatiki ndiye aliyefungua mipangilio akanionyesha: Africa/Kinshasa. Ukishuka kidogo kwenye orodha hiyohiyo, Africa/Lubumbashi ipo.

Narudi kwa fundi wenu, maana tangu Jumatatu silali vizuri. Mimi nimesimama, yeye ameketi na simu yake. Nikamwambia, “Mwanangu, tazama hapa,” nikamnyooshea boksi. Hakuinua hata mkono. Kwenye foleni watu sita, mmoja ni mteja wangu. Kwa sauti: ni weye hauyue kusoma tarehe. Wakacheka. Nikatoka na boksi langu kama mtu aliyeshikwa akiiba.

Naomba mtengeneze: mwaka utangulie, kisha mwezi, kisha siku, 2025-02-10, kama kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, ISO 8601, inavyosema tangu 1988, na saa ziwe za hapa. Lakini hapana, kutengeneza tu hakutoshi. Mnirudishie dola 450 nilizolipa, mlipe katoni tatu, na fundi aje aombe msamaha mbele ya wateja wangu na mbele ya kijana niliyemrudisha kazini kwa aibu. Mkikataa, tutaonana mahakama ya biashara. Boksi ninalo.

Mwisho ni tarehe 13/11/2025. Hiyo hata programu yenu itaisoma.

Mwenye farmasi, Kamalondo