Barua ya wazi kwa Mama Mdogo anayetaka kuwa mwandishi wa habari

Shikamoo Mama Mdogo.

Ujumbe ulionitumia juzi usiku, ukiwa na swali lako la maneno mawili, "Je, nilipe?", nimeusoma mara tatu. Kwa kuwa uliniruhusu kukujibu hadharani mradi nisikutaje jina, nakujibu hapa, maana naamini ule ujumbe wa kazi hukutumiwa wewe peke yako. Jibu lenyewe ni fupi: usilipe. Yanayofuata ni sababu, pamoja na jibu la swali jingine ambalo hukuliuliza waziwazi, yaani kama mtu wa miaka 53, aliyekaa wodini kama muuguzi miaka 27, hajachelewa kuingia katika uandishi wa habari.

Nianze na huo ujumbe wa kazi uliotumiwa. Unasema, "Hongera, umechaguliwa kuwa Mwandishi wa Makala za Afya." Mshahara ni shilingi 1,800,000 kwa mwezi, kazi inafanyiwa nyumbani kwa saa mbili kwa siku, na unatakiwa kulipa shilingi 45,000 za kitambulisho cha habari na mafunzo kabla ya saa kumi jioni. Umechaguliwa na nani, Mama Mdogo, ilhali hukuomba? Hakuna aliyesoma hata aya moja uliyoiandika. Nimekaa kwenye chumba cha habari miaka 11 na sijamwona mhariri aliyempa mtu kazi bila kuona maandishi yake, kwa sababu mhariri ndiye atakayelaumiwa makala ikiharibika. Na kuhusu huo mshahara, ujue kwamba waandishi wengi wa mikoani hawana mkataba wowote. Wanalipwa kwa kila stori iliyotoka, na wapo wanaofuatilia malipo hayo hadi wanachoka. Mgeni asiyejulikana hapewi kitita ambacho wenyeji wa kazi hii hawajawahi kukishika.

Kisha nilifanya jambo ambalo ningependa nawe ulizoee. Nilianza kama ninayetuma pesa kwenye namba waliyokupa, nikaweka kiasi, na kabla sijaingiza namba ya siri simu ikanionyesha jina la mpokeaji. Lilikuwa jina la mwanamke, mtu binafsi, wakati aliyekuandikia alijitambulisha kuwa Meneja Rasilimali Watu na alijiita kwa jina la kiume. Nikaghairi. Nikaitafuta kampuni yao kwenye mfumo wa BRELA, mahali ambapo kampuni na majina ya biashara husajiliwa, nisiione. Nikaangalia tovuti yao ilisajiliwa lini, nikakuta ina wiki tatu, ingawa ukurasa wa mbele unatamba kwamba wamekuwa wakihabarisha tangu 1998. Nilipowapigia, simu ilikatwa, na dakika chache baadaye ukaingia ujumbe kwamba wanawasiliana kwa maandishi tu. Kazi yote hiyo ilinichukua chini ya nusu saa na bando kidogo.

Katika ujumbe huo 45,000 si ndiyo iliyonitisha zaidi. Nilitishwa na mstari wa mwisho, walipokuomba picha ya kitambulisho chako cha Taifa pande zote mbili, pamoja na picha yako ukiwa umekishika mkononi. Pesa ikipotea imepotea, lakini kitambulisho kinaweza kuendelea kutumika kwa jina lako hata baada ya wewe kusahau. Kama uliwatumia, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa, na ukiona usiyoijua nenda kwenye duka la mtandao husika ukaifungishe. Namba iliyokuandikia ipeleke 15040, ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imeitenga kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu. Uwe mwangalifu zaidi kuanzia sasa, kwani umebakiza miaka miwili kufikia umri wa kustaafu kwa hiari, na wapo watu wanaohesabu kiinua mgongo cha mtumishi hata kabla yeye mwenyewe hajakihesabu.

Usidhani nakusema kana kwamba mimi sijawahi kuingia mtegoni. Mwaka nilioachishwa kazi gazeti lilipopunguza watu, nilipata "kazi ya mtandaoni" ya kuandika makala fupi. Makala mbili za kwanza nililipwa shilingi 12,000, na zikaingia kweli kwenye simu. Nilifurahi mno, nikamnunulia mama yako kitenge. Baada ya hapo wakasema nimepandishwa daraja, na kwamba daraja hilo linahitaji amana ya 60,000 ambayo ningerudishiwa mwisho wa mwezi. Nikalipa. Nikaandika makala 14, nikikesha na taa ya simu umeme ulipokatika, halafu asubuhi moja nikakuta nimeondolewa kwenye kundi. Ile 12,000 ilikuwa chambo tu, nami, mtu niliyewahi kuhariri habari za upatu na kuandika vichwa vyake, niliimeza. Kwa miezi miwili sikumwambia mtu, na naamini aibu hiyo ndiyo inayowapa wenzetu hawa nafasi ya kuendelea.

Wengine walipoteza zaidi ya pesa. Mwezi wa nane 2023, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti iliyokadiria kuwa watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wengine wapatao 100,000 Kambodia, huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi wao walivutwa kwa matangazo ya kazi yanayofanana na hilo lako, na vijana wa Afrika Mashariki wamekuwamo. Kwa hiyo yule anayekuandikia "Hongera" anaweza naye kuwa ametumiwa "Hongera" yake. Simtetei. Nataka tu ujue kilichopo upande wa pili wa simu.

Sasa uandishi wenyewe. Kitambulisho cha mwandishi hapa kwetu Tanzania hakitolewi na meneja wa WhatsApp. Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari ya 2016 iliunda Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na hiyo ndiyo yenye mamlaka ya kumpa mtu ithibati na kitambulisho. Kiwango cha elimu kinachotakiwa kinaanzia stashahada, na ndipo penye ugumu kwako, kwa sababu stashahada yako ni ya uuguzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma, Mwanza kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), na vipo vyuo vingine vidogo; kabla ya kulipa ada popote, hakiki usajili wa chuo kwa wasimamizi wake, NACTVET kwa vyuo vya kati au TCU kwa vyuo vikuu. Ningekushauri usiharakishe kuacha kazi. Magazeti hupokea makala za wataalamu wa fani nyingine, na mtu anaweza kujenga jina huko huku akisoma taratibu. Hiyo ndiyo njia ambayo mimi ningeifuata.

Wala usijione mgeni. Kila asubuhi unapokabidhiwa zamu hutosheki na maneno tu ya aliyekesha. Unafungua faili, unapima mapigo mwenyewe, unamuuliza mgonjwa, kisha unaandika saa na kutia saini. Vijana tunaowapokea kutoka vyuoni tunawafundisha hilo kwa miaka miwili, na baadhi hawalishiki. Watapeli walikupata, nadhani, kwa sababu ulipokuwa unaota kuwa mwandishi uliiweka kando tabia yako ya wodini.

Kuna jambo ulilinisimulia Pasaka, kuhusu yule muuguzi kijana wa zamu yako aliyelipa "ada ya wakala" ili apelekwe Uingereza, na hadi leo hajapata hata barua. Nilikusikiliza nusu nusu, nisamehe. Mwongozo wa serikali ya Uingereza kuhusu kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje unakataza wakala kumtoza muuguzi anayetafuta kazi, na ipo orodha ya wazi ya mawakala waliokubali kuufuata. Hiyo ni stori, Mama Mdogo, na sijui mwandishi mwingine ambaye binti huyo angemfungulia moyo kama atakavyokufungulia wewe.

Muulize kama atakubali kuzungumza bila kutajwa jina. Akikubali, mwombe asifute chochote: ujumbe wote na tarehe zake, risiti za miamala, jina lililotokea kwenye simu kabla hajaweka namba ya siri. Andika kwenye daftari namba za wakala huyo na saa utakayompigia, kwa sababu utampigia, naye ana haki ya kujibu. Jumamosi jioni nitakupigia tuangalie umepata nini. Na ule ujumbe wako wa "Hongera" nao usiufute.

Nisalimie Baba Mdogo.