Heri ya Krismasi kutoka jikoni, foleni ya chapati za maji inaanza sasa hivi

Ndugu zangu, marafiki, majirani, Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wenye baraka. Mlio safarini mfike salama, mlio zamu leo wakati wengine wanakula Mungu awatie nguvu, na nyie mliofiwa mwaka huu, mezani kuna nafasi wazi na kila mtu anaikwepa kwa macho, poleni sana jamani, nawakumbuka kwa moyo kabisa.

Naandika hapa jikoni, ni saa kumi na mbili kasoro asubuhi, wote bado wamelala, bakuli nimelifunika na kitambaa nasubiri rojo lipumzike. Leo ni chapati za maji. Biriani na makuku hayo mtapika nyie huko, watoto washaniambia wanataka hizi na mimi mwenyewe ndo kitu ninachokitaka asubuhi ya Krismasi tangu niko mdogo.

Kwa wanaouliza kila mwaka: unga wa ngano gramu 250, mayai 2, maziwa nusu lita (ukipenda nusu maziwa nusu maji), chumvi kidogo, sukari vijiko viwili vya chakula, iliki ya kutwanga. Usimimine maziwa yote kwa mpigo! Anza na mayai na maziwa kidogo, piga mpaka iwe nzito na laini, ikiwa nzito madonge yanasagika, ukishaifanya nyepesi yanaelea tu unayakimbiza bakuli zima, kwahiyo maziwa mengine yanakuja mwisho taratibu. Halafu acha dakika 30. Mama alikuwa anasema "liache lipumzike" mi nikidhani ni maneno tu ya wakubwa, kumbe unga unaendelea kunyonya maji na ile gluteni (protini ya ngano inayovutika) iliyokaza wakati wa kupiga inalegea, ndo maana rojo lililopumzika linatanda jembamba bila kuvutana kama mpira. Ya kwanza ikiharibika usihuzunike, kikaango kinakuwa hakijashika moto sawasawa.

Ila nilichotaka kusema hasa ni kuhusu foleni.

Chapati za maji zinatoka moja moja. Upawa mmoja, unazungusha kikaango, unasubiri juu pakauke na pembeni paanze kujiinua, unageuza, imetoka, kama dakika mbili hivi. Huwezi kupakulia watu wote wakala pamoja zikiwa za moto. Kwetu tulikuwa watoto sita, kwahiyo tulipanga foleni na sahani, na zamu yako ikifika unasimama pembeni ya jiko peke yako na mama mpaka yako iive. Dakika mbili. Kwenye nyumba ya watoto sita jamani, dakika mbili za mama peke yako bila mtu kukuingilia zilikuwa hazipatikani hivi hivi, mwaka mzima unaitwa kwa majina ya wenzako watatu kabla hajalifikia la kwako.

Na kingine, anakuwa hakuangalii, macho yake yako kwenye kikaango, kwahiyo unaweza kusema kitu ambacho usingekisema ukiwa umekalishwa kwenye kiti. Krismasi moja nikiwa na miaka kumi nilimwambia ubaoni sioni, naona kama kuna moshi, muhula mzima nilikuwa nanakili kwa mwenzangu. Nilikuwa nimeogopa kusema nikidhani ni kosa langu. Hakugeuka. Akauliza "tangu lini?", akainua pembeni ya chapati kwa mwiko, akaigeuza, akaniwekea sahanini na sukari zaidi ya kawaida. Januari nikaenda shule na miwani.

Sikukuu nyumba inajaa, tunasalimiana kwa jumla, "hamjambo nyote", tunakula kwa jumla, tunapiga picha kwa jumla, jioni wageni wanaondoka na unakuta kuna mtu alikuja na jambo lake moyoni akaondoka nalo vilevile, kwasababu hakuna aliyempata peke yake hata kidogo. Hilo linaniuma kila mwaka. Ndo maana sitaki kikaango cha pili, mume wangu ameniambia mara ngapi tuwashe majiko mawili tumalize haraka, nimekataa. Mwaka jana binti yangu mkubwa, ambaye siku hizi ukimuuliza habari za chuo anakujibu "poa" basi, alisimama hapo na sahani yake akaanza mwenyewe kunieleza kwamba ile kozi haimwendei vizuri. Iliungua kidogo upande mmoja maana sikutaka kuigeuza katikati ya sentensi yake.

Mwaka huu mama yupo hapa kwangu, amekuja tangu juzi, miguu imechoka lakini sauti ile ile. Nimeshamtolea kiti cha plastiki nimekiweka karibu na jiko. Wajukuu watataka apewe wa kwanza kwa heshima yake na ni haki, ya kwanza nzuri nitampelekea mezani. Ila na kwenye foleni nimempanga, nimempanga wa mwisho kabisa makusudi, ili zamu yake ikifika nyuma yake asiwepo mtu, na rojo la kutosha nimelibakiza.

Haya, nasikia mlango wa chumbani umefunguka. Heri ya Krismasi wapendwa!