Wenye hoteli za pwani, tuelezeni maji

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja, na pia na wazazi wenzangu wa bara ambao likizo ya Desemba watavuka kwenda huko na watoto, kama nilivyovuka mimi Juni. Nataka kusema juu ya wageni kutoelezwa saa za maji ya bahari kupwa na kujaa.

Sisi ni watu wa Dodoma. Mimi na mke wangu tulidunduliza karibu miaka miwili, tukapanda treni ya umeme hadi Dar es Salaam, tukalala kwa shemeji, asubuhi tukachukua boti. Tulikuwa watano: sisi wawili, mama mkwe wangu, binti yetu wa miaka 11 na mdogo wake wa kiume wa miaka 6. Hoteli sitaitaja, kwa sababu siamini kwamba kasoro hii ni yake peke yake, na kwa sababu mengine yote walitutendea vizuri. Mama mkwe alipewa chumba cha chini asihangaike na ngazi, bila sisi kuomba. Vitumbua vya asubuhi vilikuja vya moto. Vijana wa jikoni walimzoea mwanangu hadi wakawa wanamwita kwa jina.

Siku ya pili tuliamka tukakuta bahari haipo. Jioni yake maji yalikuwa yanapiga ukuta wa hoteli, na sasa palikuwa na mchanga mtupu, vidimbwi na majani ya bahari hadi mbali kabisa, kule mawimbi yanakovunjikia mwambani. Watoto walipagawa kwa furaha. Nikaenda mapokezi kuuliza maji yanarudi saa ngapi. Kijana alitazama karatasi yake, akanijibu kwa adabu: "Maji yanajaa saa kumi, mzee."

Naomba wasomaji waisikie sentensi hiyo kama nilivyoisikia. Mtu wa Dodoma akiambiwa treni inafika saa kumi, anajua kwamba kabla ya hapo treni haipo. Mimi niliona tuna mchana mzima. Tukamwacha mama mkwe kivulini, tukaondoka wanne kama saa tatu na nusu, miguu mitupu, kuelekea mwambani.

Asubuhi ile sitaisahau kwa uzuri wake pia. Tuliona nyota za bahari nyekundu, majongoo ya bahari, kaa wadogo wanaokimbia upandeupande, na wale weusi wenye miiba kama nungunungu ambao tuliwakwepa. Tulipita kwenye mashamba ya mwani, kamba zimefungwa kwenye vijiti mstari kwa mstari, wanawake wameinama wanafunga na kuvuna. Tukawaamkia, wakaitikia, tukaendelea. Binti yangu alikuwa anakusanya makombe kwenye kofia yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyetazama nyuma.

Ilipofika kama saa sita nikasikia mtu anaita. Alikuwa mama wa makamo, kanga kaifunga kiunoni, anapunga mkono. Nilidhani tumemkanyagia shamba. Kumbe alikuwa anasema, "Rudini! Rudini na watoto!" Nikageuka kuitazama hoteli, ndipo nikaona. Upande wa mwamba, tulikokuwa tunakwenda, bado palikuwa pakavu. Maji yalikuwa nyuma yetu. Pale tulipopita kwa miguu mikavu palikuwa pamekuwa mto, tena mto unaokwenda kwa kasi, sambamba na ufukwe.

Nilimpandisha mdogo mabegani. Hatua chache tu maji yakanifika mapajani. Mke wangu ni mfupi, yeye yalikuwa kiunoni, kamshika binti yetu mkono kwa nguvu zake zote. Nikaona miguu ya binti yangu inanyanyuka, mwili unalala juu ya maji na kuvutwa pembeni, na ile kofia ya makombe inakwenda zake. Katika sisi wanne hakuna anayejua kuogelea. Yule mama alikuja akivuta miguu chini bila kuinyanyua, akamdaka mtoto kwapani, akatukataza kukata moja kwa moja kuelekea hotelini. "Hapo pana kina," alisema. "Fuateni vijiti." Tukafuata vijiti vya mashamba yao, tukizunguka mbali, hadi tukatokea ufukweni hatua mia tatu hivi kutoka hotelini.

Nikamwambia kwamba sisi tuliambiwa saa kumi.

"Saa kumi yashajaa, mwanangu," akasema. "Kuja yanaanza saa nne."

Kijana wa mapokezi simlaumu. Ni mwenzetu wa bara, alikuwa na miezi mitatu kazini, na alichosema kilikuwa sahihi: saa kumi ndipo maji yanapofika juu kabisa. Alichokosa ni mtu wa kumfundisha kwamba mgeni anahitaji saa nyingine, ile maji yanapogeuka.

Jioni tulikwenda kumshukuru yule mama nyumbani kwake, na huko ndiko nilikopata somo ambalo nilistahili kulipata siku ya kwanza, nikiwa bado nimeshika mabegi. Maji hupwa kwa muda wa saa sita hivi na kujaa kwa saa sita hivi, mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni siku za bamvua: maji hutoka mbali sana na hurudi mengi sana, tofauti ya juu na chini hufika kama mita 4, zaidi ya kimo cha watu wazima wawili. Katikati yake ni siku za maji mafu, ambapo hayendi mbali. Sisi tulikuwa kwenye bamvua lenyewe. Upande ule wa kisiwa siku za bamvua maji hufika chini kabisa mnamo saa nne au saa nne na nusu asubuhi, na ndiyo maana wakulima wa mwani huwa baharini saa hizo. Kilimo hicho kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na wanaokifanya wengi ni wanawake. Saa za maji wanazo kichwani.

Jambo jingine alilonieleza ndilo linalonitisha hadi leo. Maji hayaji kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hutambaa, huwezi kuyaona. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokwenda mbio, na karibu nusu ya maji yote huingia katika saa hizo mbili. Tena hayaji kutoka mbele kama mtu anavyodhani akisimama ufukweni. Hujaza kwanza mabonde yaliyo chini, na bonde linaweza kuwa nyuma yako. Mgeni anayetazama mwamba anaona pakavu, anajiona salama.

Sasa niseme lililoniuma. Yule mama alitusindikiza hadi mbele ya hoteli, bado kamshika binti yangu mkono, kwa sababu mtoto alikuwa hataki kumwachia. Kwenye mstari wa miavuli ya makuti askari akamsimamisha. Alimwambia, bila ukali, kwamba wenyeji hawapiti hapo. Mama akauachia mkono wa mtoto, akarudi chini mchangani. Mke wangu alichukua maji ya kunywa akamfuata huko huko nje, wakakaa wote wawili chini, nguo zimelowa, hawasemi kitu.

Ndani ya mstari ule kulikuwa na wapishi, madobi, watu wa baa na wa kukanda misuli, na hakuna hata mmoja aliyekabidhiwa kazi ya kuwaambia wageni maji yanavyokwenda. Chumbani kwetu kulikuwa na tangazo kuhusu taulo, kwa Kiingereza na Kiitaliano. Kuhusu bahari hapakuwa na neno kwa lugha yoyote. Aliyeijua bahari ile alisimamishwa nje.

Ninachoomba si kikubwa. Kwenye njia ya kushukia ufukweni uwekwe ubao wa chaki, uandikwe kila asubuhi kwa Kiswahili na lugha za wageni wengine: maji yanatoka saa ngapi, yanageuka saa ngapi, na mwisho wa kurudi ufukweni ni saa ngapi. Saa hizi hujulikana mwaka mzima kabla, kwa kuwa hutokana na mwendo wa mwezi na jua, kwa hiyo hakuna hoteli inayoweza kusema haikuwa na habari. Na kila hoteli iajiri mtu mmoja wa kijijini, mkulima wa mwani au mvuvi mzee, kwa kupitia sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo, akae na wageni wapya robo saa siku wanayofika, awaonyeshe kwa kidole pa kupita na pasipopitika. Alipwe mshahara, si bakshishi. Kamisheni ya Utalii Zanzibar ikiona vyema, iyaweke haya katika masharti ya leseni, maana tukiwaachia wenye hoteli kila mmoja kwa hiari yake, wengine watafanya na wengine hawatafanya, na mzazi hana namna ya kujua amefikia wapi.

Mtu anaweza kusema hakuna aliyekufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Wangu ana miaka 6. Nilimbeba mabegani na nilikuwa nasikia meno yake yanagongana juu ya sikio langu.

Meneja nilimwandikia kabla hatujaondoka, akaahidi kulishughulikia, na namwamini. Lakini hoteli ni nyingi, na siku za bamvua ni kila mwezi mara mbili.

Kwa wazazi mtakaotangulia kwenda kabla ubao huo haujawekwa: mkifika, msiulize maji yanajaa saa ngapi. Ulizeni yanaanza kurudi saa ngapi, na mkiona aliye mapokezi anasitasita, shukeni mchangani mkawaulize wanaofunga mwani.

Mzazi,
Dodoma