Barua kwa mwanangu anayeanza kuongoza sauti

Mwanangu,

Umeuliza mwongoza sauti wa katuni na gemu anafanya nini hasa, ikiwa mwigizaji ndiye anayeigiza na fundi ndiye anayerekodi. Kazi yako ni kumwonyesha mwigizaji asichokiona. Katuni mpya kwa kawaida hurekodiwa sauti kabla ya kuchorwa, na pengine waigizaji husimama pamoja wakajibizana. Kwenye gemu mwigizaji kwa kawaida yuko peke yake kwenye kibanda cha kurekodia, na jedwali la mistari ya maneno, mamia, isiyofuatana. Anasoma "Njoo huku!" Anamwita nani? Mtoto aliye miguuni pake, au askari aliye ng'ambo ya mto huku risasi zikilia?

Basi kabla ya kila onyesho mpe mambo manne: anasema na nani, yuko umbali gani, nini kimetokea punde, na anataka apate nini. Umbali ndio unaosahaulika zaidi. Maikrofoni iko karibu na mdomo, kwa hiyo mtu hunong'ona bila kujua. Baadaye mhusika anaonekana amesimama mita 20 kutoka kwa mwenzake, na sauti haifiki. Fundi anaweza kuikuza, lakini hawezi kuigeuza kuwa ya mtu anayeita. Itabidi mwigizaji aitwe tena, na hilo ni gharama.

Usimsomee mstari ili aige; atashika wimbo wa sauti yako, nia ataiacha. Mpe kitendo: "mtishe", "mbembeleze", "mfiche kwamba unaogopa". Hiyo inamfaa kuliko "ongeza hasira kidogo". Sahihisho moja kwa wakati mmoja, si matatu. Kwa mistari mifupi, mwombe teki tatu mfululizo, yaani aurudie mstari mara tatu ukirekodiwa, kila moja tofauti, kisha uweke alama kwenye uliyoichagua. Ikifika ya sita na bado zinazidi kuharibika, ruka, mtarudi. Na usinyamaze nyuma ya kioo mnapojadiliana na mwandishi! Bonyeza kitufe cha kuongea naye kibandani useme hata "subiri kidogo, tunaangalia neno", maana kimya humfanya aamini ameboronga.

Makelele yote, yaani kupiga, kupigwa, kuanguka, kuungua, kufa, yaweke mwisho wa kipindi cha kurekodi. Ukianza nayo, mazungumzo yatarekodiwa kwa koo lililokwaruzika. Kipindi cha kawaida kisizidi saa 4, na cha kupiga mayowe kisizidi 2. Kabla ya yowe, fundi apunguze kiwango cha kuingizia sauti, na mwigizaji, ambaye kwa kawaida yuko sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni, arudi nyuma hatua moja na ageuze uso pembeni kidogo. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi ni vigumu sana kuitengeneza. Akianza kukohoa au kujishika koo, simamisha, hata kama imebaki mistari mitano. Vifo viwe vingi na vifupi: anayecheza gemu atamuua adui yuleyule mara mia, na kilio kirefu cha kuigiza kitamchosha upesi.

Chunga sana mistari ya kuunganishwa, ile ambayo programu ya gemu huchomeka namba iliyorekodiwa peke yake ndani ya sentensi. Namba ya katikati sauti yake hubaki juu, ya mwisho hushuka, kwa hiyo rekodi zote mbili. Kwa Kiswahili kuna mtego mwingine: maadui wawili, visu viwili, mawe mawili. Orodha iliyoandaliwa na mtu asiyejua ngeli itakuwa na "mbili" moja tu. Idai iliyokamilika kabla ya siku ya kurekodi.

Mate yakitoa sauti ya kubofya mdomoni, maji ya kawaida yasiyo baridi husaidia, na kipande cha tufaha la kijani pia. Bangili na koti la nailoni hupiga kelele, vibaki nje ya kibanda.

Kabla mwigizaji hajaondoka, muulize fundi ni mistari ipi ina kelele au imekatika mwanzoni. Irudieni palepale, akiwa bado na sauti ileile.

Mama yako