Baba mdogo, kabla hamjalipia mashine ya vinia

Manchester, Uingereza

Baba mdogo,

Shikamoo. Kamwene nyote hapo Mafinga. Picha za mashine ya kumenya magogo kuwa vinia, zile karatasi nyembamba za mbao za kuundia plaiwudi, nimeziona na mchango wangu nitautuma, ila someni haya kwanza.

Faida ipo, sibishi. Zamani mlingoti (mkaratusi) mwembamba uliishia kuwa kuni, mkaa au mrunda wa kujengea. Mashine hii hulishika gogo kwa rola kutoka nje na kulimenya mpaka kibaki kijiti chembamba kama mpini wa jembe, kwa hiyo hata mwenye ekari mbili anapata soko. Kwangu hilo ni kubwa kuliko ajira wanazotangaza, maana fedha inamfikia mwenye shamba.

Kateni magogo yaliyonyooka, ya futi nne, na myamenye yangali mabichi. Mlingoti ukilala juani hupasuka nchani, na gogo lililopasuka hutoa vipande badala ya karatasi nzima. Kisu kikiwa butu, vinia hutoka na manyoya na unene wake haulingani. Kuanika ndiko kunakowashinda wengi, hasa mvua zikianza. Vinia mbichi zikirundikwa huota ukungu. Zikiingia kwenye mashine ya kukandamiza zikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 12 hivi, maji yale hugeuka mvuke ndani, na mashine ikifunguliwa plaiwudi hutoka na malengelenge na kuachana. Mnunuzi atalaumu gundi, kumbe ni maji. Kipima unyevu kiwe cha kwanza kununuliwa, kabla hata ya kupaka ofisi rangi.

Sasa boila, lile tangi la mvuke wa kupasha moto mashine ya kukandamiza, na hapa nivumilieni. Mabaki ya magogo mtayachoma humo, moto hautawagharimu kitu, na ndiyo maana watu huusahau. Hatari kubwa ni maji kushuka chini ya mirija huku moto unawaka: chuma hulainika, hakiwezi tena kuzuia mvuke. Kioo cha kuonyesha maji kijaribiwe kila zamu, maana tundu lake likiziba hudanganya. Maji yasipoonekana kwenye kioo, msiongeze! Yakigusa chuma kilichoungua hugeuka mvuke kwa ghafla. Kateni moto, ondoeni watu, acheni boila ipoe. Na atakayefunga valvu ya usalama kwa waya ati inapoteza mvuke, mfukuzeni siku hiyohiyo, hata akiwa shemeji.

Huku Manchester pamba iliwatajirisha watu, na maboila yakawaua wengine. Ilibidi katika miaka ya 1850 wenye viwanda wenyewe waunde chama cha kuyakagua. Sheria ya kukataza watoto wa chini ya miaka 9 kwenye viwanda vya nguo ilikuja 1833, na ya kuzungushia mashine kinga ikaja 1844, baada ya vidole vingi kukatika. Kwetu sheria imeshatangulia: OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wana kazi ya kukagua, na mfanyakazi akiumia kazini kuna WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Msiwaone kama watoza ushuru. Mikanda na minyororo yote iwekewe kinga kabla mashine haijawashwa. Kibarua asiingize mkono kuchomoa kipande kilichokwama: azime umeme kwanza, na swichi ifungwe kwa kufuli.

Gundi ya urea hutoa gesi kali iitwayo fomaldehaidi, hasa ikipata joto. Macho yakiwasha, ujue hewa haitoshi. Fungueni kuta pande mbili upepo upite, na maji ya kuoshea mapipa ya gundi yasiende mtoni. Vumbi kavu la mbao nalo huwaka haraka, lifagiliwe kila jioni, lisikae karibu na boila.

Linalonisumbua zaidi ni bonde. Bei ikipanda, watu watapanda milingoti hadi kwenye vinyungu, yale mashamba ya bondeni yenye unyevu, na mti ule hunywa maji kweli. Sheria inataka mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Kama kiwanda chenu kitanunua magogo, kikatae ya bondeni. Bibi analima mboga pale kiangazi chote, na hakuna vinia itakayorudisha kile kisima kikikauka.

Nitumieni kipenyo cha magogo mliyo nayo, pamoja na jina la fundi atakayefunga boila na cheti chake. Mama mdogo msalimie sana, mwambie ulanzi, ile pombe ya mianzi, asinibakizie, utachacha kabla sijafika.

Mwanao